Wharram Percy, parokia iliyoishi baada ya kijiji chake kufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huijua Wharram Percy kwa picha: kanisa lisilo na paa, mnara uliokatika nusu, majani matupu pande zote. Chini ya picha hiyo kwa kawaida huandikwa kwamba kijiji kiliangamizwa na tauni. Maelezo hayo si sahihi, na watu walioishi pale wanastahili kuelezwa vizuri zaidi. Hapa chini yamekusanywa maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi.

Wharram Percy iko wapi?

Iko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye vilima vya chaki vinavyoitwa Wolds. Kutoka mji wa York ni kama kilomita 30 kuelekea kaskazini-mashariki, na mji mdogo wa Malton uko kilomita 10 hivi. Kijiji kilikaa juu ya ukingo wa bonde. Kanisa lilijengwa chini zaidi, karibu na chemchemi, na kusini yake palikuwa na bwawa la kuchimbwa. Maji ya bonde hilo yalizungusha kinu cha kusaga nafaka kwanza, halafu bwawa likawa la kufugia samaki.

Parokia ya Zama za Kati (takriban miaka ya 500 hadi 1500) ilikuwa nini hasa? Kanisa tu?

Ilikuwa zaidi ya jengo. Parokia ilikuwa eneo lenye mipaka, na ndani ya mipaka hiyo kila mtu alibatizwa, akaungama, akaolewa na kuzikwa na padri mmoja. Tangu Mtaguso wa Lateran wa 1215, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Roma, kila Mkristo mzima alitakiwa kuungama kwa padri wake walau mara moja kwa mwaka. Kila mtu alilipa pia zaka: fungu la kumi la nafaka, la wana-kondoo, la sufu, hata la mayai na vifaranga.

Parokia ya Wharram Percy ilikuwa na vitongoji vitano: Wharram Percy penyewe, Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe. Tafadhali usiyasahau majina hayo manne ya mwisho. Ukiyaacha, hutaelewa kwa nini kanisa liliendelea kuishi baada ya kijiji kilicholizunguka kutoweka.

Hapo hapo palikuwa na mamlaka ya pili, nayo ilikuwa ya kabaila mwenye ardhi. Padri alishika roho na zaka. Kabaila alishika ardhi, kodi, kazi za shambani na mahakama yake mwenyewe. Mwanakijiji alizaliwa chini ya wote wawili.

Kijiji kilianza lini?

Watu walilima vilima hivi tangu kale, kabla ya Warumi na wakati wao. Kuna mabaki ya makazi ya Waanglo-Saksoni pia, waliotawala Uingereza baada ya Warumi, pamoja na karakana ya mhunzi. Lakini kijiji chenye mistari ya nyumba na viwanja vilivyopimwa kwa mpango, ambacho alama zake unaziona leo kwenye majani, kilipangwa baadaye. Jina la Wharram limo katika Domesday, daftari kubwa la ardhi lililoandikwa kwa amri ya mfalme mwaka 1086.

Akina Percy walikuwa nani?

Makabaila wa ukoo uliotoka Normandia, kaskazini mwa Ufaransa, tawi dogo la ukoo maarufu wa Percy wa kaskazini mwa Uingereza. Kijiji kiliongezewa jina lao ili kitofautishwe na jirani yake, Wharram le Street. Kwa muda palikuwa na makabaila wawili, kwa kuwa sehemu ya kusini ilishikwa na ukoo wa Chamberlain. Kufikia 1254 akina Percy walikuwa wameitwaa yote.

Ukweli huo ulijitokeza ardhini kwa namna ya kupendeza. Wachimbaji walikuwa wakichunguza nyumba ya mkulima wa kawaida. Walipoendelea kushuka wakakuta chini yake ghala la jumba la kabaila, lenye kuta za mawe yaliyochongwa vizuri, la karne ya 12. Jumba la kusini lilipokosa kazi lilibomolewa, na wakulima wakajenga makao yao juu yake.

Wakulima waliishi kwenye vibanda vya kubomoka?

Kwa muda mrefu hata wataalamu waliamini hivyo. Walipoona misingi inapishana na kuta zimehama mara kwa mara, wakasema nyumba zilikuwa dhaifu kiasi kwamba kila kizazi kilijenga upya. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Stuart Wrathmell aliyapitia upya matokeo hayo na kuonyesha jambo jingine. Paa halikubebwa na kuta. Lilibebwa na jozi za magogo makubwa yaliyopinda, yaliyosimikwa yakikutana juu. Ukuta wa chaki ulikuwa wa kuziba tu, na ungeweza kubomolewa na kujengwa tena huku paa likiwa palepale. Kwa hiyo zilikuwa nyumba imara, zilizojengwa na watu wanaojua kuchagua mbao.

Nyingi zilikuwa ndefu na nyembamba. Katikati upande mmoja kulikuwa na jiko la wazi, na familia iliishi hapo. Upande wa pili, ukivuka njia ya kupita, mara nyingi walilala ng'ombe wakati wa baridi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kirefu cha bustani na mifugo.

Vifaa vilivyookotwa vinasema mengi kuliko tunavyotarajia. Kuna vyungu kutoka matanuri ya Staxton, yaliyokuwa kwenye vilima hivyo hivyo, na kuna makufuli na funguo. Hilo la funguo linanigusa kila ninapolifikiria. Mtu hafungi kufuli kama hana kitu. Hawa waliokuwa wakihesabiwa kama sehemu ya mali ya kabaila walikuwa na masanduku yao, na ndani ya masanduku walikuwa na vitu vyao vya thamani.

Walilima na kula nini?

Ngano, shayiri na kunde, kwenye mashamba makubwa yasiyo na uzio yaliyogawanywa vipande virefu. Kila kaya ilikuwa na vipande vyake vilivyotawanyika, ili shamba zuri na baya wagawane wote. Plau ilivutwa na maksai, na kwa kuwa wachache walikuwa na timu nzima ya wanyama, majirani waliunganisha maksai wao. Kondoo walikuwa wengi, na sufu iliuzwa. Mkate na pombe ya shayiri ndiyo ilikuwa chakula cha kila siku. Mifupa ya samaki wa baharini pia imepatikana, ingawa bahari iko kama kilomita 30 kutoka hapo. Wakati wa Kwaresima nyama ilikatazwa, kwa hiyo samaki alikuwa na soko hata vilimani.

Mkulima aliweza kuhama akitaka?

Kisheria, mkulima asiye huru hakuruhusiwa kuondoka bila idhini ya kabaila. Alidaiwa siku za kazi, alilipa ada binti yake akiolewa, na alipofariki, mnyama wake bora alichukuliwa na kabaila. Baada ya tauni kubwa ya 1348 na 1349, mambo yalilegea. Watu walikuwa wachache, ardhi ilikuwa tele, na mkulima aliyeona masharti mabaya alifunga virago na kwenda kwa kabaila mwingine aliyehitaji mikono. Serikali ilijaribu kuzuia kupanda kwa ujira kwa sheria ya 1351. Iliwaudhi watu zaidi kuliko ilivyowazuia.

Tunajuaje afya za watu hao?

Kwa mifupa yao wenyewe. Mabaki ya watu karibu 700 yalifukuliwa kanisani na kwenye makaburi yake, wengi wao wakiwa watu wa kawaida wa parokia. Sehemu chache sana za Ulaya zina kundi kubwa namna hiyo la wakulima wa Zama za Kati.

Watoto wao walikuwa wadogo kwa umri wao. Mtoto wa miaka 10 wa Wharram Percy alikuwa mfupi kwa karibu sentimita 20 kuliko mwenzake wa Uingereza ya leo. Ukuaji ulichukua miaka mingi zaidi, na wengi waliendelea kurefuka hadi baada ya umri ambao vijana wa sasa huwa wamekoma. Uchunguzi wa kemia ya mifupa unaonyesha kwamba akina mama walinyonyesha kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na hilo bila shaka liliwaokoa watoto wengi. Wanawake wazee walipoteza uimara wa mifupa kwa kiwango kinachokaribia cha wanawake wa leo, licha ya maisha yaliyojaa kazi ngumu. Kifua kikuu kilikuwepo. Matatizo ya mianzi ya pua yalikuwa machache kuliko yale ya watu waliozikwa mjini York, labda kwa sababu hewa ya vilimani ilikuwa safi zaidi.

Kuna mwanaume mmoja ambaye ningependa kila msomaji amfahamu. Aliishi kati ya miaka ya 960 na 1100. Alipigwa kichwani na kitu kizito, fuvu likabonyea. Mtu fulani akaifunua ngozi ya kichwa, akafungua mfupa ili kuondoa vipande vilivyokuwa vikigandamiza ubongo, na mgonjwa akapona. Kingo za tundu zimejifunga na kulainika, ishara kwamba aliishi muda mrefu baadaye. Alikuwa mkulima, na kwa hakika hakuwa na fedha za daktari wa mfalme. Basi ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa mtu aliyeweza kufikiwa na watu kama yeye. Ukisikia mtu anasema Zama za Kati zilikuwa giza tupu, mtajie fuvu hilo.

Ni kweli walichoma maiti ili wasifufuke?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi tangu 2017, wataalamu wa Historic England, shirika la umma la urithi wa kihistoria, na wa Chuo Kikuu cha Southampton walipochapisha uchunguzi wao. Walichunguza mifupa 137 ya watu wasiopungua 10, ya karne ya 11 hadi ya 14. Haikutoka makaburini. Ilitoka kwenye mashimo katikati ya makazi. Baadhi ilikuwa na alama za kisu, baadhi ilivunjwa, baadhi ilichomwa, na yote hayo yalifanyika watu wakiwa wameshakufa. Miongoni mwao alikuwemo mtoto mdogo.

Maelezo matatu yalipimwa. La kwanza ni njaa iliyowafanya watu kula watu. Lakini alama za kisu zimejikusanya kichwani na shingoni, wakati mtu anayetafuta nyama angekata kwenye viungo vikubwa vyenye misuli. La pili ni kwamba walikuwa wageni waliochukiwa. Kemia ya meno ikaonyesha kuwa walikulia eneo lile lile. La tatu, ambalo wataalamu waliona linaafiki ushahidi zaidi, ni hofu ya wafu wanaotembea.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mwishoni mwa karne ya 12 mtawa William wa Newburgh, wa Yorkshire hiyo hiyo, aliandika visa vya maiti waliosemekana kutoka makaburini na kueneza maradhi, na jinsi wanakijiji walivyowafukua, wakawakata na kuwachoma. Ni lazima tuseme wazi kwamba hii inabaki kuwa tafsiri bora ya ushahidi uliopo. Na naomba wasomaji wasiwacheke. Mtu anayeona jirani zake wanakufa mmoja baada ya mwingine, bila kujua kinachowaua, hutafuta chanzo anachoweza kukishika.

Basi tauni ndiyo iliyoua kijiji?

Hapana. Tauni iliingia Uingereza 1348, ikafika Yorkshire 1349, na kwa nchi nzima iliondoka na theluthi moja hadi nusu ya watu. Wharram Percy iliumia pia. Walter Heslerton, aliyeishika ardhi hiyo wakati huo, alifariki mwaka huo wa 1349. Lakini kumbukumbu za 1368 bado zinataja nyumba 30 hivi. Kijiji kilichokufa hakina nyumba 30.

Tena matatizo yalikuwa yameanza kabla. Kati ya 1315 na 1317 mvua zisizokatika zilileta njaa kubwa kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1322 majeshi ya Waskoti yalipiga na kupora Yorkshire. Hesabu iliyofanywa 1323 ilikuta sehemu kubwa ya mashamba ya kabaila haijalimwa na vinu ni magofu. Hayo yote yalitokea zaidi ya miaka 20 kabla ya panya na viroboto.

Kilichofuata ni kupungua kidogo kidogo. Kumbukumbu za karne ya 15 zinataja nyumba 16. Kaya moja ilihama, jirani akachukua vipande vyake, kiwanja kikaota majani.

Nani basi aliwaondoa waliobaki?

Mwanzoni mwa karne ya 15 ardhi ilitoka mikononi mwa akina Percy ikaenda kwa ukoo wa Hilton, ambao makao yao yalikuwa Durham, mbali kabisa. Kwa kabaila asiyeishi pale, hesabu ilikuwa rahisi. Nafaka ilihitaji watu wengi wa kulipwa, na bei yake haikuwa nzuri. Sufu ilitakiwa viwandani, na mchungaji mmoja na mbwa wake waliweza kuangalia vilima vizima.

Serikali iliona vijiji vinamalizika, na 1489 ikatunga sheria ya kuzuia wakulima wasifukuzwe. Mwaka 1517 Kadinali Wolsey, mshauri mkuu wa mfalme, aliagiza uchunguzi wa nchi nzima kuhusu mashamba yaliyogeuzwa malisho tangu 1488. Humo ndimo tunaposikia habari za mwisho za Wharram Percy: Baron Hilton ameachisha plau nne na kuacha nyumba nne ziharibike. Plau nne, nyumba nne. Ndizo zilizokuwa zimesalia baada ya karne tano za kulima pamoja, na karani aliziandika kwa mstari mmoja.

Kwa maoni yangu hapo ndipo lawama inapopaswa kukaa. Maradhi na njaa vilipunguza watu. Uamuzi wa mwenye mali, aliyekuwa na majina na muhuri, ndio uliomaliza kijiji.

Kanisa lilibaki vipi bila kijiji?

Kwa sababu ya vile vitongoji vinne. Watu wa Thixendale, kama kilomita 4 kusini, waliendelea kuja Wharram Percy kwenye ibada na mazishi kwa zaidi ya miaka 300 baada ya nyumba za mwisho kuanguka. Hata nyumba ya padri iliendelea kutumika, mpaka ilipoungua 1553 na kuzua kesi kuhusu nani aijenge. Zaka nazo zilikuwa na mwenyewe: tangu karne ya 14 kanisa lilikuwa chini ya watawa wa Haltemprice, karibu na Hull, ambao walichukua mapato makubwa na kumwachia padri wa pale sehemu ndogo, hadi mfalme Henry VIII alipovunja nyumba za watawa.

Pigo lilikuja 1870 Thixendale ilipopata kanisa lake. Hata hivyo St Martin, ndilo jina la kanisa la Wharram Percy, lilijikongoja hadi 1949 ndipo ibada zikakoma. Madini ya risasi yaliyofunika paa yakaondolewa, maji yakaingia, na 1959 sehemu ya mnara ikaporomoka.

Historia ya parokia inaweza kusomwa ukutani?

Naam, na hakuna ukurasa bora zaidi. Kanisa la kwanza linaonekana lilikuwa dogo la mbao, la karne ya 10. Likafuata la mawe, kisha kubwa zaidi. Watu walipozidi, mwishoni mwa karne ya 12 ukuta wa kusini ulitobolewa kwa matao na ubawa ukaongezwa. Baadaye upande wa kaskazini nao ukafanywa hivyo. Karne ya 14 ikaongeza kikanisa cha pembeni.

Kisha mambo yakageuka. Waumini walipopungua, mbawa zilibomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Simama nje upande wa kusini uangalie: nguzo za duara bado zimekaa ndani ya ukuta, tao limechorwa juu yake, na katikati pamejazwa mawe ya kila namna, yakiwa na dirisha lililohamishwa kutoka kwingine. Katika karne ya 17 sehemu ya altare nayo ilifupishwa. Kanisa lilikua na kusinyaa pamoja na parokia yake.

Nani walioifukua?

Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi wa Leeds, alianza kuchimba na wanafunzi wake 1950 ili kuthibitisha kwamba vijiji vilivyotajwa kwenye nyaraka viliwahi kuwepo ardhini. John Hurst, mwanaakiolojia, akajiunga naye 1952. Waliendelea kila kiangazi hadi 1990, wakisaidiwa na mamia ya watu wa kujitolea, na utaratibu wao wa kufungua eneo zima badala ya mitaro myembamba ukabadilisha namna ya kuchimba vijiji nchini Uingereza. Kabla yao, historia ya Zama za Kati ilihusu ngome, wafalme na makanisa makuu. Wao walimweka mkulima kwenye meza moja na hao wengine.

Ni kijiji pekee kilichokufa hivyo?

La. Vijiji vya Zama za Kati vilivyoachwa Uingereza vinakadiriwa kufika 3,000. Wharram Percy inajulikana zaidi kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa kwa muda mrefu kuliko vyote.

Naweza kwenda kuiona?

Unaweza, na hakuna kiingilio. Eneo linatunzwa na English Heritage, shirika la kutunza maeneo ya kihistoria. Unaacha gari kwenye maegesho barabarani, kisha unatembea zaidi kidogo ya kilomita moja kwa njia inayoshuka na kupanda. Mvua ikinyesha huteleza sana, kwa hiyo vaa viatu vya shambani, na mara nyingi utakuta ng'ombe malishoni. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Mchana wa jua la utosini utaona majani tu. Jua la pembeni hutupa vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mipaka ya kila kiwanja, milango ilipokuwa, na barabara ya kijiji iliyoshuka kwenda kanisani.